Zimwi Lenye Adabu

Mtumishi wa kike amefungiwa ndani ya maabara pamoja na kiumbe kilichoungwa kwa viungo vya maiti. Anapiga ukelele, na papo hapo picha inakatwa. Kinachofuata ni meza ya kifungua kinywa. Baron Frankenstein, yuleyule aliyemfungia msichana, anamwomba mchumba wake ampitishie jemu ya machungwa, tena kwa sauti ya upole kabisa. Hilo ni tukio la The Curse of Frankenstein, filamu ya mwaka 1957, na sijui tukio jingine linaloeleza vizuri zaidi kwa nini filamu za kutisha za Uingereza za enzi ile bado zinatazamwa.

Filamu hiyo ilitengenezwa na Hammer, kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1934. Studio yao ya Bray ilikuwa jumba la zamani kando ya Mto Thames, huko Berkshire, na fedha zilikuwa za kubana. Bernard Robinson, mbunifu wa mandhari, alibadili rangi, ngazi na mapazia, na ukumbi wa juzi ukageuka ngome nyingine. The Plague of the Zombies na The Reptile, zilizotoka mwaka 1966, zilipigwa mfululizo katika kijiji kilekile cha kutengenezwa. Kwa zimwi la Frankenstein walibanwa pia na sheria: sura ile ya kichwa cha bapa iliyovaliwa na Boris Karloff ilikuwa mali ya Universal ya Marekani, ikabidi Phil Leakey abuni uso mwingine, wenye makovu na jicho bovu.

Wahakiki wengi wa London walichukizwa na damu. Uingereza ilikuwa imeanzisha cheti cha X mwaka 1951, kilichowazuia walio chini ya miaka 16, na Hammer wakakifanya tangazo la biashara. Watu wakajazana kwenye majumba ya sinema. Lakini damu ile ya miaka ya 1950 leo haimtishi mtu; inaonekana wazi kuwa ni rangi. Kama siri ingekuwa damu, filamu hizi zingeshasahauliwa. Kinachotisha hadi leo ni ustaarabu wa yule anayeimwaga. Baron, anayechezwa na Peter Cushing, anamwalika profesa mzee chakula cha jioni, anamwomba arudi nyuma kidogo ili auone mchoro ukutani vizuri zaidi, kisha anamsukuma kutoka ghorofani. Anahitaji ubongo wake.

Mwaka 1958 mwongozaji Terence Fisher aliipeleka mbinu hiyo mbali zaidi katika Dracula. Harker, mgeni wa Dracula, amefika kwenye ngome. Anatazama juu ya ngazi na kuona umbo jeusi la mtu mrefu, limesimama kimya, muziki wa James Bernard ukinguruma. Mtazamaji anajikaza. Umbo linashuka ngazi kwa haraka, linaingia kwenye mwanga, na kumbe ni Christopher Lee, bwana mtanashati, anayemkaribisha mgeni na kumwomba radhi kwa kutokuwapo alipofika. Unashusha pumzi. Baadaye uso uleule unatokea kwenye maktaba, macho mekundu, damu mdomoni. Maneno yote ya Lee katika filamu nzima anaambiwa Harker. Akishaonyesha meno, hasemi tena. Adabu yake ndiyo iliyokuwa sauti yake, na ikiisha, sauti nayo imekwisha.

Upande wa pili yuko Cushing tena, safari hii kama Van Helsing, adui wa Dracula. Hacheki wala hamkonyezi mtazamaji kumwambia kwamba huu ni mchezo tu. Anashika vigingi na misalaba kama daktari anavyoshika vifaa vyake. Mwishoni anakimbia juu ya meza ndefu, anaruka kwenye mapazia na kuyaangusha ili jua liingie, kisha anakutanisha vinara viwili vya mishumaa vikawa msalaba. Wazo la vinara lilikuwa la Cushing mwenyewe. Huo ndio uzito ninaoukosa katika filamu nyingi za sasa, ambazo wahusika wake hawaachi kutaniana hata mlango unapovunjwa.

Hammer hawakuwa peke yao. The Innocents ya Jack Clayton, ya mwaka 1961, haina damu kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote. Deborah Kerr ni mlezi wa watoto wawili katika jumba la mashambani. Watoto ni wazuri, wana heshima, wanaongea kama watu wazima, na kadiri wanavyozidi kuwa na adabu ndivyo unavyozidi kuwaogopa. Freddie Francis, mpigapicha mkuu, alipaka rangi pembezoni mwa vichujio vya kamera ili kingo za picha zizame gizani. Jicho linabaki likihangaika kwenye kingo hizo. Halafu tisho kubwa zaidi linakuja mchana kweupe: ng'ambo ya ziwa, katikati ya matete, amesimama mwanamke mwenye nguo nyeusi. Hasogei wala hapigi kelele. Mtoto anaendelea kuimba kwa sauti ya puani. Mzimu au akili ya mlezi? Filamu haijibu.

Kuna wanaoitaja Night of the Demon ya mwaka 1957 kama mfano wa kinyume, kwa kuwa humo pepo anaonekana waziwazi. Mwongozaji Jacques Tourneur hakutaka aonekane hivyo. Ilikuwa amri ya mtayarishaji. Mimi nasimama na Tourneur.

Kisha ikaja The Wicker Man ya mwaka 1973. Polisi anatafuta msichana aliyepotea kwenye kisiwa cha Uskoti, na wenyeji wote wanamkirimu, wanatabasamu, wanaimba. Hadithi ni ya siku za kuelekea Mei Mosi, ila filamu ilipigwa mwishoni mwa 1972 katika baridi kali: maua ya bandia yalifungwa kwenye miti, na waigizaji walinyonya barafu ili mvuke wa pumzi usionekane. Lee, kama bwana wa kisiwa, anaongea na polisi kwa ukarimu mpaka dakika ya mwisho. Aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuifanya bila malipo.

Wakati huo Hammer ilikuwa inadidimia. Wamarekani walileta hofu kali zaidi, na Hammer wakajibu kwa kuongeza miili uchi na damu, wakishindana mahali ambapo hawakuwa na nguvu. Ila kazi zao za awali hazikufa. Vipande vya Dracula vilivyokatwa na wakaguzi wa Uingereza vilipatikana mwaka 2011 kwenye hifadhi ya filamu mjini Tokyo, na toleo lililokarabatiwa limekuwa likipatikana tangu 2013.

Ukitaka kuanza, anza na toleo hilo. Ni fupi, halifiki saa moja na nusu. The Innocents itafute baadaye, uitazame bila simu mkononi, na usiache kuangalia kingo za picha.