Tumbo la Kuhara Lisilokwisha na Dawa Iliyo Ndogo Kuliko Vumbi

Kama unapika au unanyonyesha, sogeza redio karibu.

Mama mmoja alinijia kliniki na binti yake wa miaka 14. Kwa miezi mingi binti huyo alikuwa akiharisha, na choo kilikuwa na damu. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akapewa dawa ya minyoo. Mwishowe katika hospitali kubwa waliingiza mpira wenye kamera, wakaona vidonda katika utumbo mpana. Akaanzishiwa vidonge na akapata nafuu. Lakini siku hiyo mama alikuwa na mkebe wa unga mkononi. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba una antioksidanti za nano, na kwamba vidonge viachwe. Akaniuliza, "Sista, nimpe?"

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Uko wa aina mbili. Koliti ya vidonda hushika utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn huweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Huu wa pili ulipewa jina la Daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka wa 1932. Maradhi haya hayaambukizi, si laana, wala si kosa la mama. Ni askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wanaoushambulia utumbo wenyewe.

Askari hao wana silaha. Huigeuza oksijeni ikawa kali, kwa mfano haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotoa povu juu ya kidonda. Ikiwa kidogo, huua viini. Ikimwagwa kila siku, huunguza ukuta wa utumbo. Utumbo ukiungua, askari wengine huja na kumwaga zaidi. Basi moto unajichochea wenyewe. Antioksidanti ni kitu kinachozima ukali huo. Mwili hutengeneza zake, na nyingine tunazipata katika mboga na matunda.

Je, nano ni nini? Chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto wa shule, uigawe mara milioni moja. Sehemu moja ni nanometa. Unywele mmoja una upana wa nanometa 80,000 hivi, nazo chembe hizi kwa kawaida hazifiki 100. Watafiti wametengeneza baadhi yake kwa madini yaitwayo seriamu. Chembe ya seriamu huzima ukali wa oksijeni, kisha hurudia hali yake na kuzima tena na tena. Nyingine huundwa ili zinate zaidi pale utumbo ulipovimba.

Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini sikiliza vizuri, mama. Sehemu kubwa ya kazi hii imefanywa kwa panya wa maabara, waliovimbishwa utumbo kwa kemikali. Panya si mtoto wako. Ugonjwa huu hutibiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo ni lazima kwanza ijulikane kama chembe hizo zitabaki mwilini, labda kwenye ini, na zitafanya nini huko. Bado si dawa ya kawaida ya ugonjwa huu hospitalini. Anayekuuzia kwenye mkebe anakuuzia jina tu.

Nilimwambia yule mama asimpe, na vidonge viendelee. Dawa zilizopo ni kama sulfasalazini, mesalazini na predinisoloni. Predinisoloni haikatizwi ghafla, kwa sababu mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo.

Nawe msikilizaji, shika haya:

Mtoto akiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni viini, na choo kikipimwa itajulikana.

Akiharisha siku 14 au zaidi, akikonda, asipokua kama wenzake, au maumivu ya tumbo yakimwamsha usiku, mrudishe hata kama alishatibiwa. Omba uchunguzi zaidi.

Wakati wa kuharisha, mpe maji ya ORS na uendelee kumlisha chakula ambacho tumbo lake linakikubali.

Ukiletewa dawa yoyote mpya, ibebe pamoja na vidonge vyake, umwonyeshe daktari au muuguzi kabla ya kumpa.

Usione haya kusema habari za choo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.