Masomo Mtandaoni: Picha ya Mtoto Yahitaji Idhini ya Mzazi

Walimu na wafanyakazi wengi kisiwani Mombasa hufundishana kupitia simu. Mwalimu hurekodi somo, fundi huonyesha kazi yake, na wanafunzi huandika kuhusu Fort Jesus na milango ya Mji wa Kale.

Elimu hiyo ni ya manufaa, lakini picha ya mwanafunzi ina masharti yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, zikiwemo picha na video. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Njia salama ni rahisi: piga picha ya ubao, daftari au kazi ya mikono. Ikiwa ni lazima sura ya mtoto ionekane, omba idhini kwa maandishi na ueleze picha itatumika wapi. Mzazi ana haki ya kukataa, na hata akikubali leo anaweza kuondoa idhini yake kesho. Asiporidhika, awasilishe malalamiko kwa Ofisi hiyo.