Je, Wajua? Dau Dhidi ya Wenye Nyumba
Mwaka 2007 benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs iliwauzia wateja dhamana ambazo thamani yake ilitegemea mikopo ya nyumba nchini Marekani. Haikuwaambia kuwa mfuko wa uwekezaji wa Paulson & Co. ulishiriki kuichagua mikopo hiyo, huku ukiweka dau kwamba wakopaji watashindwa kulipa. Wengi walishindwa kweli. Wanunuzi wakapoteza zaidi ya dola bilioni 1. Paulson ikavuna karibu kiasi hicho hicho. Ukimya huo wa benki, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa kosa kubwa kuliko dau lenyewe. Aprili 2010 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya dhamana iliishtaki benki kwa ukimya huo. Julai benki ikakubali kulipa dola milioni 550. Paulson haikushtakiwa.