Forodhani Baada ya Magharibi

Jua likianza kushuka Unguja, ukuta wa bahari wa Forodhani huwa mali ya vijana. Wanakimbia, wanachupa mmoja baada ya mwingine, kichwa chini miguu juu, na watazamaji wanawashangilia. Nyuma yao wachuuzi wanapanga meza na kupepea mkaa. Ikifika adhana ya Magharibi, bustani nzima inanukia mishkaki.

Hapa ndipo watu wa Mji Mkongwe wanapokuja kupunga upepo. Ukiipa bahari mgongo, unatazamana na Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kando yake kuna Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Zamani hapakuwa mahali pa starehe. Enzi za Seyyid Said, mabanda ya forodha yalisimama ufukweni hapa, mbele ya ngome. Pembe za ndovu, karafuu, hata binadamu waliotiwa utumwani, vyote vilitozwa ushuru. Seyyid hakujisumbua kuukusanya mwenyewe: aliukodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri kati yao Jairam Shivji, aliyelipa kiasi cha mapatano kila mwaka na kilichozidi kikawa chake. Biashara nono kweli kweli, maana meli za mataifa makubwa zilikuwa zikitia nanga mbele ya macho yake.

Tarehe 27 Agosti 1896 zilizotia nanga zilikuwa manowari za Waingereza, na mizinga yao ikalibomoa kasri la Sultani kwa muda usiofika hata saa moja. Mwaka 1905 ikaja reli ya kampuni ya Kimarekani, iliyoanzia penye ngome ikaenda hadi Bububu, kama kilomita 11. Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, ufukwe ukabaki na nafasi, na mwaka 1936 ikafunguliwa bustani iliyoitwa ya Jubilei. Jina hilo halikudumu. Forodha ilishaondoka, lakini watu wakaendelea kusema Forodhani.

Sura ya leo ni ya mwaka 2009, baada ya shirika la Aga Khan kuifanyia bustani matengenezo makubwa: njia, taa, majani, na sehemu maalumu ya wachuuzi.

Kivutio cha wageni ni "Zanzibar pizza", ambayo Mwitaliano akiiona atakataa undugu nayo. Mpishi huchukua donge la unga, akalitandaza juu ya meza yenye mafuta mpaka likawa jembamba kama kitambaa, akaweka kipande kingine kidogo katikati ili lisichanike. Juu yake huenda nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, jibini na mayonesi kidogo, kisha yai. Huvuruga yote papo hapo, akakunja pembe nne na kuliweka kwenye chuma cha moto. Ukweli ni kwamba huo ni ndugu wa mkate wa nyama, aliyekwenda kutafuta riziki kwa watalii.

Meza za samaki zinapendeza kwa macho: pweza, kamba, ngisi kwenye vijiti. Mwenyeji, hata hivyo, huuliza kwanza kimeletwa leo au jana, na bei anataka kuijua kabla ya chakula kupashwa moto. Mara nyingi huzipita kabisa, akaenda kwa muuza urojo kupata bakuli lenye viazi, bajia, kachori, chatne na ukali wa embe mbichi. Atashushia na juisi ya miwa, iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi.

Ramadhani ratiba hugeuka. Mchana hakuna moshi. Wateja huanza kumiminika baada ya tarawehe, familia nzima nzima, watoto wakiwa macho hadi saa ambazo miezi mingine wangeshalazwa kwa ukali.