Tulichapwa 73-5 Nakuru, lakini mambo yalianza kuharibika kwenye simu

Ukisikia timu imechapwa 73-5, kitu cha kwanza unachofikiria ni kwamba hao watu hawajui kucheza. Sikulaumu. Mimi nilikuwa uwanjani siku hiyo, winga, jezi nambari 14, na hata mimi nilifikiria hivyo hadi Jumanne iliyofuata, mweka hazina wetu alipotoa simu yake mfukoni akasema, "Hebu oneni wenyewe."

Timu yetu ni ya mtaa, hapa Nairobi. Tunacheza raga ya wachezaji 15 kila upande, ligi ya daraja la chini. Hakuna anayelipwa. Tuna fundi wa stima, walimu wawili, wanafunzi wa chuo, muuza viatu na mimi wa ofisini. Hatuna mdhamini, kwa hivyo kila safari tunachanga. Na pesa zote zilikuwa zinatumwa kwa mtu mmoja ambaye kwa mzaha tunamwita Gavana, kwa sababu ndiye anayeshika bajeti.

Safari ya Nakuru ilipangwa vizuri, angalau kwenye karatasi. Watu 24, kila mmoja atume shilingi 700. Jumla 16,800. Matatu ya kukodi 15,000, na 1,800 zilizobaki ni za maji na bendeji. Kwenye kikundi cha WhatsApp kila mtu aliandika "Nimetuma" na Gavana akaweka tiki. Kufikia Ijumaa usiku kulikuwa na tiki 24. Tukalala bila wasiwasi.

Jumamosi saa moja asubuhi tuko kwenye kituo cha mafuta, mabegi chini, dereva amewasha injini. Mwenye matatu anataka pesa yake yote kabla gari halijatoka. Gavana anaangalia simu. Anaangalia tena. Anamvuta nahodha pembeni.

"Buda, iko 7,700 tu."

"Ya leo ama ya jumla?"

"Ya jumla."

Ile matatu iliondoka bila sisi. Wenye pesa mfukoni tukakimbia stejini tukapanda magari ya kawaida, watatu huku, wanne kule. Wanafunzi walikuwa wametuma mchango wao na hawakuwa na nauli nyingine. Wakarudi nyumbani. Kati ya wachezaji 24, tuliofika Nakuru ni 16. Wanne wa mwisho waliingia uwanjani dakika 20 kabla ya mechi, wakavalia viatu kwenye nyasi. Miongoni mwa walioachwa walikuwa mapropu wawili.

Kama hufuatilii raga, propu ni yule jamaa mzito wa mstari wa mbele kwenye skramu. Si nafasi ya kumpa mtu yeyote tu. Shingo inabeba uzito mkubwa, kwa hivyo sheria inataka mtu aliyefunzwa kuicheza. Dakika ya 30 propu wetu mmoja aliumia bega. Tuliyekuwa naye benchi alikuwa mmoja tu, tena winga kama mimi. Refa akafanya anachotakiwa kufanya: akaamuru skramu za kutosukumana. Na skramu ndiyo ilikuwa silaha yetu ya pekee.

Kufikia mapumziko ilikuwa 26-5. Tulikuwa tumepata trai moja, na nilidhani bado tuna nafasi. Kipindi cha pili wenyeji wakaingiza wachezaji wanane wapya, mmoja baada ya mwingine, wote wamepumzika. Sisi tulikuwa wale wale. Miguu ikaisha. Wakafunga trai saba zaidi. Kwa jumla zilikuwa trai 11 za alama tano tano, na mikwaju tisa ya ziada ya alama mbili mbili. Piga hesabu, ni 73.

Kocha alijaribu kututuliza. Alitukumbusha kwamba hata timu ya taifa ya Kenya ilifungwa 85-0 na Ureno mwaka wa 2022 kule Dubai, wakati wa kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Japani nayo ilichapwa 145-17 na New Zealand kwenye Kombe la Dunia la 1995, halafu 2015 ikaifunga Afrika Kusini 34-32. Kwa hivyo kufungwa si mwisho wa dunia. Lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza. Kila mtu alikuwa anamwangalia Gavana.

Njia nzima hakuna aliyeongea naye. Kwenye WhatsApp mtu akaandika, "Wenye kula pesa wajulikane." Watu wawili wakatoka kwenye kikundi. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana alama za ligi zinaweza kutafutwa tena mechi inayofuata. Vijana wakishaanza kushukiana kuhusu pesa, timu ya mtaa haichukui muda kuvunjika.

Jumanne, kabla ya mazoezi, Gavana akatuketisha. "Sijakula pesa ya mtu," akasema. "Lakini nimekosea." Akafungua taarifa ya akaunti yake, mstari kwa mstari, na hadithi yote ikajitokeza.

Kwanza, waliotuma ni 17 tu. Saba walikuwa wameandika "Nimetuma" wakikusudia kutuma baadaye. Gavana hakugundua kwa sababu anauza viatu mtandaoni kwa laini hiyo hiyo. Wateja nao walikuwa wanatuma 700 wiki hiyo. Aliona 700 zikiingia, akadhani ni mchango.

Pili, zilizoingia zilikuwa 11,900, lakini laini yake ilikuwa na deni. Alikuwa ametumia ile huduma ya kukopa salio linapokosekana, ili anunue mzigo wa viatu. Huduma kama hiyo hujilipa yenyewe: pesa yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza. Simu haijui hii ni ya timu na hii ni ya Gavana. Ikakata 4,200. Zikabaki 7,700.

Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na laini moja iliyobeba mizigo mitatu: biashara, deni na timu.

Gavana alirudisha zile 4,200 ndani ya mwezi mmoja. Wale saba walilipa wakiwa wameinamisha vichwa. Zile 7,700 tulikubaliana zimlipie propu wetu eksirei na dawa. Kisha tukabadilisha mambo, na haya unaweza kuyatumia hata kama kikundi chenu ni cha harusi, matanga, kwaya au chama cha kina mama.

1. Pesa ya kikundi isikae kwenye laini ya mtu binafsi. Tulichukua cheti cha usajili wa kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, tukafungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na mchango unaingia kupitia nambari ya Paybill. Kama bado hamjafika hapo, tengeni laini ya kazi hiyo pekee, isiyokopewa hata shilingi moja.

2. Jina liandamane na pesa. Ukilipa kwa Paybill, kuna mahali pa kujaza akaunti. Fuata maelekezo ya benki yenu, kisha ongeza jina lako pale inaporuhusiwa. Hivyo 700 ya mchezaji haiwezi kufanana na 700 ya viatu.

3. "Nimetuma" si risiti. Tiki inawekwa baada ya pesa kuonekana kwenye akaunti. Orodha inasomwa kila Jumanne mbele ya wote.

4. Changeni mapema, kidogo kidogo. Safari ya Eldoret ilihitaji 30,000. Tulikuwa 24, kwa hivyo kila mtu alitoa 250 kwa wiki, kwa wiki tano. Wanafunzi ndio waliomaliza kwanza.

5. Mlipe mwenye gari moja kwa moja, na mapema. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linaloonekana kwenye simu. Kama si la mwenye gari, simama hapo.

6. PIN ni ya mwenyewe. Si ya nahodha, si ya kocha, na si ya mtu anayepiga simu akidai ametoka kwa kampuni ya malipo. Mwanachama akitaka kujua pesa iko wapi, mwonyeshe taarifa ya akaunti.

Na Eldoret je? Tulisafiri Ijumaa, wachezaji 23 na kocha, mapropu wote ndani. Tulifungwa 27-22. Ndiyo, tulifungwa tena. Lakini kwenye ligi ukifunga trai nne unapata alama moja ya ziada, na ukishindwa kwa tofauti isiyozidi alama saba unapata nyingine. Tulirudi Nairobi na alama mbili na matatu nzima ikiimba.

Gavana bado ndiye mweka hazina wetu. Tulipiga kura, akapita bila kupingwa. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, karibu na dereva, na taarifa ya akaunti ameichapisha kwenye karatasi. Tulipofika Nakuru kununua chai, aliipitisha nyuma, kiti kwa kiti, hadi ikamfikia propu wetu wa bega. Akaisoma yote, akaikunja, akasema, "Sawa Gavana. Sasa nunua chai."

Kama wewe ndiye Gavana wa kikundi chenu, fungua taarifa yako leo jioni. Angalia ni pesa ngapi humo ndani si zako.