Kivuli na Kitu Chenyewe: Plato na Nadharia ya Maumbo

Nadharia ya Maumbo ni fundisho la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeishi Athens takriban kati ya mwaka 427 na 347 KK. Kwa mujibu wa fundisho hilo, vitu vinavyofikiwa kwa milango ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, havina uhalisi kamili, kwa sababu huzaliwa, huchakaa na kutoweka. Uhalisi kamili ni wa Maumbo: haki yenyewe, uzuri wenyewe, usawa wenyewe. Hayo hayabadiliki, na njia ya kuyafikia ni akili peke yake. Plato alikuwa akitafuta jibu la swali moja gumu: katika dunia isiyotulia, binadamu anawezaje kujua jambo lolote kwa yakini?

Swali hilo alilirithi. Karibu na mwaka 500 KK, Heraclitus wa Ephesus, mji ambao magofu yake yako katika Uturuki ya leo, alifundisha kwamba mambo yote yamo katika mwendo, mfano wa mto ambao maji yake hayaachi kupita. Cratylus, mfuasi wake ambaye Plato alimfahamu ujanani, aliivuta hoja hiyo hadi mwisho wake: kitu kinachobadilika kila mara hakiwezi kusemwa kwa ukweli. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, anasimulia kwamba hatimaye Cratylus aliona hapaswi kusema neno, akawa anatikisa kidole tu. Huko Elea, kusini mwa Italia, Parmenides alishika njia iliyo kinyume. Kilichopo kipo, alisema, na hakiwezi kutokana na kisichokuwapo wala kuishia humo. Basi mabadiliko yanayoonekana yanawadanganya watu, na kiongozi wa kuaminiwa ni hoja.

Mwingine aliyemwathiri Plato alikuwa Socrates, mwalimu wake, aliyehukumiwa kifo na mahakama ya Athens mwaka 399 KK. Socrates alizoea kuuliza maana ya mambo. Akitajiwa ujasiri wa askari vitani, aliuliza vipi kuhusu ujasiri wa mgonjwa, wa maskini na wa msafiri baharini. Hakutaka orodha ya mifano. Alitaka lile jambo moja lililo katika mifano yote na linaloifanya iitwe kwa jina moja.

Plato aliliona jambo hilo moja kuwa kitu kilichopo kweli. Akaliita kwa Kigiriki eidos au idea, maneno ambayo asili yake ni sura au umbo la kitu kinachotazamwa. Kwa Plato maneno hayo hayana maana ya wazo lililo kichwani mwa mtu, kwa kuwa Umbo lipo hata kama hakuna anayelifikiria. Vitu vizuri ni vizuri kwa kuwa vinashiriki katika uzuri wenyewe, na vitendo vya haki ni vya haki kwa kushiriki katika haki yenyewe.

Hoja ya kuthibitisha hayo imo katika kitabu chake Phaedo. Fimbo mbili zinaweza kuonekana sawa kwa mtu mmoja na zisionekane sawa kwa mwingine. Usawa wenyewe, hata hivyo, haugeuki kamwe kuwa tofauti. Anayesema kwamba fimbo hizo zimekaribia kuwa sawa lazima awe na kipimo akilini, na kipimo hicho hakikutoka kwenye fimbo, kwa sababu zenyewe zimepungukiwa. Plato akahitimisha kwamba roho iliyajua Maumbo kabla ya kuzaliwa katika mwili, na kwamba kujifunza ni kukumbuka.

Jiometri ilimpa ushahidi. Katika kitabu Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa somo hilo. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, kisha anamwuliza upande wa mraba wenye eneo maradufu. Kijana anajibu futi 4, lakini eneo linakuwa 16 badala ya 8. Anajaribu futi 3, anapata 9. Kwa kuulizwa maswali hatua kwa hatua, anatambua kwamba mraba unaotafutwa hujengwa juu ya ulalo wa ule wa kwanza. Mistari ya mchoro ina unene na pengine imepinda, ila kanuni aliyoifikia haina kasoro. Kanuni hiyo inauhusu mraba wenyewe, ambao hakuna mkono uliowahi kuuchora.

Katika kitabu Jamhuri, Plato alizipanga daraja za kujua kwa mfano wa mstari uliokatwa sehemu nne. Chini kabisa kuna vivuli na taswira za majini, kisha wanyama, mimea na vyombo; hapo binadamu ana rai tu. Juu yake kuna hisabati, na kileleni kuna Maumbo, ambako elimu hukamilika. Umbo la Wema ni kama jua: ndilo linaloyafanya mengine yajulikane na yawepo.

Kisha unafuata mfano wa pango. Watu wamefungwa minyororo miguuni na shingoni tangu utotoni, wakitazama ukuta. Nyuma yao unawaka moto, na mbele ya moto huo vinapitishwa vinyago ambavyo vivuli vyake huanguka ukutani. Kwa wafungwa, vivuli ndivyo ulimwengu. Mmoja akifunguliwa na kuvutwa nje, mwanga humuumiza macho. Huanza kwa kutazama vivuli, halafu taswira za majini, vitu vyenyewe, nyota na mwezi, na mwisho jua. Akirudi kuwaeleza wenzake, humcheka, na lau wangeweza wangemwua. Msomaji wa Athens hakuhitaji kuambiwa kwamba Socrates alikuwa ametangulia katika njia hiyo.

Plato mwenyewe aliyaona matatizo ya fundisho lake. Katika kitabu Parmenides anauliza kama nywele, matope na taka navyo vina Maumbo. Tena, ikiwa vitu vikubwa ni vikubwa kwa sababu ya Ukubwa wenyewe, na Ukubwa huo nao ni mkubwa, basi litahitajika Umbo jingine juu yake, na jingine tena, bila mwisho.

Aristotle, aliyeingia katika Akademia, shule ya Plato, akiwa na miaka 17 na kukaa humo takriban miaka 20, aliliendeleza pingamizi hilo. Alisema Maumbo yaliyotengwa na vitu hayaelezi jinsi vitu vinavyotokea na kubadilika. Kwake, umbo limo ndani ya kitu pamoja na maada yake, kama sura ya sanamu ilivyo katika shaba, na akili hulipata kwa kuanzia na yale yanayoonekana na kusikika. Hata hivyo hakurudi kwenye ukimya wa Cratylus. Alikubaliana na mwalimu wake kwamba elimu hushika kilicho kimoja katika vingi. Walichotofautiana ni makao ya hicho kimoja: kwa Plato yako juu ya vitu, kwa Aristotle yamo ndani yake.