Drili au impakti draiva: Fundi kijana anunue ipi kwanza?

Ingia hadwea yoyote mjini Kisii uulizie "impakti". Usishangae ukiletewa boksi lililoandikwa "Impact Drill". Unalipa, unapanda matatu hadi Kiogoro, na siku ya kupiga mabati unagundua ulichobeba sicho ulichotaka. Wala hujatapeliwa. Baadhi ya kampuni, INGCO kwa mfano, hutumia jina hilo kwa drili inayogonga mbele ili kutoboa ukuta. Ile mashine ndogo, fupi, inayopiga kelele juu ya paa mkononi mwa fundi unayemwonea wivu ni impakti draiva. Majina yanafanana, kazi hazifanani.

Kosa hilo linauma kwa sababu wengi wetu hatununui kwa pesa za akiba. Kijana ametoka Kisii National Polytechnic, au amejifunzia kazi mjengoni akiwa msaidizi wa fundi, na sasa anataka kusimama peke yake. Anakopa. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, tangu ulipozinduliwa mwaka 2022, unatakiwa kulipwa ndani ya siku 14. Yaani mashine ina wiki mbili tu kuanza kujilipa. Kwa hivyo "ipi ina nguvu zaidi?" ni swali la watoto. Jiulize ni ipi itakuletea kazi wiki hii.

Tuanze na drili ya betri. Mbele ina meno matatu yanayobana biti nene au nyembamba, hadi milimita 10 au 13. Nyuma ya meno hayo kuna pete yenye namba, na wengi huichukulia kama pambo. Pete hiyo ndiyo akili ya mashine. Ukiiweka kwenye namba ndogo, skrubu ikikaza kiasi hicho drili inalia "trrr" na kuacha kuisukuma. Kwa kabati la MDF, bawaba za mlango au dari ya jipsamu, hapo ndipo unapookoa mbao ya mteja.

Impakti draiva haina meno, na nyingi hazina pete hiyo. Ina tundu la pembe sita la robo inchi; unachomeka biti, inashika, basi. Ndani mna nyundo ndogo na springi. Skrubu ikianza kukataa kuingia, nyundo inarudi nyuma kidogo kisha inaipiga kwa kuizungusha, zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ndiyo ile "tatatata" inayosikika hadi ng'ambo ya kilima. Drili ya kawaida ya volti 18 hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 50 au 60, ilhali impakti ya volti hizo hizo hupita Nm 150. Cha ajabu, mkono hauumii. Drili biti ikikwama, kinachozunguka ni kifundo cha mkono wako, na ukiwa juu ya ngazi hilo si jambo la kuchekea. Kwa impakti, mapigo mengi huishia kwenye skrubu. Masikio ndiyo yanayolipa gharama, kwa hivyo nunua vizibo vya masikio, bei yake haifiki ya chakula cha mchana.

Sasa turudi Kiogoro, huku Nyaribari Chache. Mbao nyingi za paa hapa ni za mkaratusi. Mti huo ukishakauka ni mgumu ajabu, na hupenda kupasuka ukilazimisha skrubu karibu na ncha. Fundi mwenye mashine zote mbili hutoboa njia kwa drili kwanza, kisha huingiza skrubu kwa impakti, bila kubadilisha biti kila dakika. Hiyo ndiyo raha yenyewe, lakini si ya mwezi wa kwanza.

Kwenye mabati kuna mtego mwingine. Skrubu ya mabati huja na raba chini ya kichwa. Raba hiyo ikibanwa sawasawa, maji hayapiti. Ukikandamiza kidole na kuiachia impakti ifanye itakavyo, raba inakamuliwa na kutoka pembeni, na mvua ya Kisii haina subira. Mteja atakupigia simu msimu huo huo, na hatakuwa anakupa kazi nyingine. Achilia kidole raba inapoanza tu kututumka.

Uamuzi wangu ni huu. Kama pesa inatosha mashine moja na unafanya kazi peke yako, za kufunga kufuli, kutundika televisheni, kutengeneza makabati, kurekebisha milango, chukua drili ya betri, hasa ile yenye uwezo wa kugonga ili iingie ukuta wa matofali. Skrubu itaingiza pia, polepole tu. Impakti haitakutobolea ukuta kwa maana, na ina haraka mno kwa MDF. Lakini kama uko kwenye kikosi cha paa na kila wiki kuna nyumba, usisikilize mtu, nunua impakti. Mamia ya skrubu kwa siku kwa drili yatakumaliza mkono.

Betri nayo ina uongo wake. Volti 18, 20 na 21 mara nyingi ni kitu kile kile: seli tano za lithiamu zilizofuatana, kila moja volti 3.6, ambazo zikijaa chaji hufika volti 21. Ukiona stika ya "48V" au "88V" kwenye betri ya ukubwa huo huo, hizo ni namba za kuuzia. Afadhali betri mbili za kweli kuliko moja yenye namba kubwa, maana stima ikipotea saa nane mchana mteja hatasubiri. Na chagua kampuni ambayo betri yake inaingia kwenye drili na impakti pia. Mashine ya pili utainunua bila betri wala chaja, kwa bei nafuu zaidi.

Siku ya kununua, beba kipande cha mkaratusi na skrubu chache kutoka nyumbani. Mwambie mwenye duka afungue boksi, uzijaribu hapo hapo kwenye kaunta kabla hujatuma M-Pesa. Akikataa, hadwea ya jirani iko wazi.